Mirija Miwili Niliyoichora

Mdogo wangu Hibo, kabla hujaenda chuo, acha nikueleze kuhusu wiki niliyokosa usingizi kwa sababu ya mirija miwili ambayo haikuwepo.

Ulikuwa mwaka wangu wa mwisho kule pwani. Nilichunguza mwani wa baharini, ule mdogo usioonekana kwa macho, unaoogelea kwa mjeledi mwembamba kuliko unywele. Ukiukata mjeledi huo na kuutazama kwa hadubini ya elektroni, vitabu vinasema utaona jozi tisa za mirija zimejipanga kwa duara, na mirija miwili katikati. Picha yangu ilikuwa na jozi tisa. Katikati palikuwa patupu.

Unanijua nilivyo. Nikawaza labda nimeharibu sampuli. Labda walimu watauliza huyu mfugaji wa Ijara alikuja huku kufanya nini. Basi kwenye mchoro wa ripoti nikaichora ile miwili kwa kalamu, nikawasilisha, nikapanda basi hadi kwetu Masalani kusubiri mahafali.

Nyumbani chakula hakikupita. Abti Dahir, kaka yake mama, alifika kutoka Sangailu akanikuta naitazama sahani tu.

"Abti," akaniita, maana kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo, "miaka minne unasoma majani ya bahari ambayo hata mbuzi hayataki, na sasa wewe pia umegoma kula?"

Nikacheka, kisha nikamwambia yote. Yeye hakucheka. Unajua watu wetu wakitaka kuhama na ng'ombe, mtu hutumwa mbele kutazama malisho na maji. Abti amefanya kazi hiyo tangu ujana. Akanihoji kama wazee wanavyomhoji yeye akirudi.

"Hiyo miwili uliiona, ama uliisikia?"

"Niliisoma, Abti. Kila mtu anajua huwa ipo."

"Na kila mtu alijua lile bwawa nililotumwa kulitazama huwa na maji. Nilifika nikakuta tope limepasuka. Wallahi, ningerudi na maji ya kuambiwa, ng'ombe wa mama yako wangefia njiani. Kama ni patupu, sema patupu. Wenye ng'ombe wataamua."

Nilitoka nje nikampigia msimamizi wangu. Nikamwambia nimechora nisichokiona. Akasema jina langu litaondolewa kwenye orodha ya mahafali. Halafu akauliza, "Ulikata karibu na mwili wa seli, ama mbali?"

Sikujua. Karibu na mwili, akaniambia, ile mirija ya katikati huwa bado haijaanza. Huenda picha yangu ilikuwa sahihi kabisa, na kalamu yangu ndiyo iliyoiharibu.

Kesho yake nilirudi maabara. Nilianza upya, nikikata kipande baada ya kipande kutoka kwenye mwili kwenda juu, nikiandika kila nilichokiona. Wenzangu walivaa majoho bila mimi. Iliniuma, lakini sikuacha kukata.

Hibo, wasiwasi utakwenda nao chuo, sisi wote kwetu tunao. Usiupe kalamu. Andika ulichokiona, na usichokielewa kiandike pia, kisha utie sahihi. Ukikosea, piga simu siku hiyo hiyo, hata kama sauti inatetemeka.

Allah akupe jicho linalotulia, na akuzungushie watu watakaokuuliza kama alivyoniuliza Abti. Amin.