Geti Lisilo la Wakwe

Hii aibu nimejaribu kuificha mwaka mzima, lakini wamama wa kanisani huisimulia kila tukikutana na kila mara wanaongeza chumvi, kwa hivyo bora mnisikie mwenyewe.

Siku hiyo tulikuwa tunampeleka Kevo, mtoto wa marehemu dada yangu, kwa wakwe kuposa, na mimi ndiye niliyesimama mahali pa wazazi wake. Baba Wanjiru, babake msichana tuliyeenda kumposa, alikuwa ametuambia wazi kwamba ana mashaka na vijana waliokulia huku Marekani, na kwamba saa saba ni saa saba, tukichelewa tusijisumbue kuja. Anakaa mashambani, mbele ya mji wa Poolesville, kwenye ile barabara ya jimbo ya leni mbili inayopita katikati ya mahindi. Mimi nilikuwa naijua (kwa mdomo, sasa ndio nakubali), maana kitambo nilienda huko kumhudumia mgonjwa. Nikakataa mambo ya ramani ya simu. Magari sita yakatoka kwetu Gaithersburg yakinifuata.

Sasa, ile barabara ina ujanja wake. Ikifika kwenye kanisa dogo jeupe inakata kushoto, na inayoendelea moja kwa moja ni nyingine kabisa, lakini lami ni ile ile na mistari ya manjano ni ile ile. Kevo, aliyeketi kando yangu, akasema kwa upole kwamba kibao kinaonyesha kushoto. Nikamwambia atulie. Akasema tena. Nikamuuliza nani kati yetu alianza kuendesha gari mwenzake akiwa bado ananyonya.

Saa saba kasoro dakika tano tukafika kwenye geti jeupe, nyumba kubwa nyuma ya miti, nikashuka nikijisifu. Na mnajua desturi yetu: wageni huimba getini, wenyeji hujifanya hawasikii, mpaka waridhike ndio wafungue. Basi tukaimba. Pazia likasogea, wamama wakasema hao wanatupima, tukaongeza sauti na vigelegele. Dakika ishirini nzima, jamani! Mwishowe akatoka mzungu mzee amevaa slipa, akatuuliza kwa heshima kama kuna mtu tungetaka ampigie simu aje atusaidie.

Kugeuza magari sita kwenye kile kibarabara, hayo tuyaache. Tulifika saa nane kasorobo. Geti lilikuwa wazi, na Baba Wanjiru amesimama katikati yake, mikono nyuma. Aliniruka mimi, akamuuliza Kevo.

"Nini kimewachelewesha?"

"Tulipotea, Baba. Sote."

Aki moyo uliniuma. Nilimuona dada yangu kwenye ule uso, vile alivyokuwa akinifichia makosa tukiwa wadogo.

"Si sote," nikasema, watu wote wakisikia. "Huyu aliniambia mara mbili, nikamnyamazisha. Niliyepotea ni mimi."

Baba Wanjiru akamtazama Kevo. Kisha akarudi ndani, akatufungia geti. Nilijua nimemharibia mtoto wa dada yangu maisha, na sikuweza hata kumtazama.

Ndipo sauti yake ikatoka upande wa pili wa geti.

"Mbona hamuimbi?"

Tuliimba na koo zimekwisha, mpaka akafungua. Siku hizi Kevo ndiye huendesha, mimi naketi nyuma na Wanjiru, na Kevo akisema ni kushoto, ni kushoto.