Mama Unga Akataa Kufundishwa Kuongea

Baraza la Usuluhishi wa Ndoa limethibitisha kwamba ndoa isiyo na mazungumzo ni maiti inayongoja sanda. Kwa hiyo kila mume na mke watakaa ana kwa ana na kuzungumza, kwa sauti, si chini ya nusu saa kwa siku. Tangazo lilibandikwa hadi mlangoni pa mashine ya kusaga, ambako Mama Unga na mumewe walikuwa na miaka kumi na tisa bila kusikiana neno.

Hawakununiana. Mashine hunguruma kutwa. Mke anamimina mahindi, mume anakinga unga upande wa pili, na masikio ya mume yalishakufa ganzi zamani. Basi wanasemezana kwa mikono. Kidole shavuni: mteja huyu mkorofi. Kiganja kifuani: yaliyopita yamepita. Hata kugombana hugombana hivyohivyo, na nyumbani mtindo ni uleule.

Wifi alikuja kuwatembelea, akakaa siku tatu hajasikia sauti ya mtu, akaenda kushtaki: kaka yake ananuniwa. Baraza likaamua Mama Unga aache mashine mwezi mzima, akafundishwe kuongea na mumewe. Akikataa, ndoa yake itaandikwa kuwa imevunjika.

"Mara ya mwisho mliongea lini?" mwenyekiti aliwauliza.

Mume alichezesha vidole. Mama Unga akaangua kicheko.

"Amesemaje?"

"Anasema tai yako imeingia kwenye chai."

Mwenyekiti alitazama. Kweli. "Mbona hakuniambia mimi?"

"Kwani amekuoa wewe?"

"Wifi, usitutie aibu!" wifi alidakia. "Kaka yangu anakufa na yake moyoni."

"Wifi yangu, siku ile ulitaka mto wa pili. Ulimwambia nani?"

"Kaka, pale sebuleni."

"Nikauleta mimi, nilikuwa uani nafua. Ulimsikia akiniita?"

Wifi aligeuka kumtazama kaka yake.

"Saini hapa kwamba utahudhuria," mwenyekiti alisema.

"Sisaini. Andika imevunjika, andika imezikwa kabisa. Mahindi ya watu yananingoja."

Mumewe alikuwa ameshasimama, mkoba wa mkewe mkononi. Kabla ya adhuhuri mashine ilikuwa ikinguruma.

Daftari la baraza la mwaka ule linaonyesha ndoa kumi na mbili zilizomaliza mafunzo. Tisa zimevunjika. Kwenye safu ya sababu, karani ameandika: matusi.