Dirisha la Chini

Juma hili, katika ofisi moja hapa Uvira, nimeona karani akiinama. Dirisha la kupokelea watu liko usawa wa kitovu, kwa hiyo sisi wote huinama kusema naye. Mama mmoja mzee alikataa. Alisimama wima, akausalimia ukuta ulio juu ya dirisha kwa heshima zote.

“Mama, inama nikusikie!” karani alisema.

“Wabelgiji walikuwa wanauzishia baba yangu chumvi ku dirisha ya duka, sababu iko muntu mweusi. Alikataa, wakamufunga. Alipotoka, aliingia kwa mulango. Inama weye.”

Karani aliinama, akamtazama kutoka chini, akaandika jina lake. Foleni ilicheka, mimi kuliko wote.

Zamu yangu ilipofika, niliinama. Mama akanigusa mgongo.

“Na weye, mwanangu, nani alikufundisha?”