Paswadi Ndani ya Mabano

Ndugu yangu alikuwa na duka la kuchapa na kurekodi pale Tulia. Watu walimletea wasifu wa marehemu wao awachapie, wakamwita arekodi harusi na ibada za mazishi. Kazi zote alizihifadhi kwenye seva aliyoikodi mbali, kwa sababu hakuiamini kompyuta yake kuukuu. Huko ndiko alikoweka pia sauti ya mwaitu, mama yetu, aliyemrekodi jikoni mwaka mmoja kabla hajafa. Mama anachambua ndengu, anataja majina ya wazee wa ukoo mmoja baada ya mwingine, na katikati anatukemea. Sauti hiyo niliisikia mara moja tu.

Ili programu yake iifikie seva, ilihitaji anwani ndefu: jina lake, nukta mbili, paswadi, alama ya @, kisha jina la seva na folda. Anwani hiyo nzima aliichapa na kuibandika ukutani juu ya printa, asije akaisahau. Siku moja picha za harusi ya watu zikafutika zote. Kuna mtu alikuwa ameusoma ukuta.

Nilikwenda dukani nikamgombeza mbele ya wateja.

"Unafunga mlango kwa kufuli mbili, halafu unatundika ufunguo nje?"

"Dada, na darasa lako la nane unanifundisha kompyuta?"

Wateja wakacheka, naye pia.

"Nakufundisha aibu. Hiyo paswadi ificheni wewe na mashine yako. Ifiche hata mimi nisiione."

Hakucheka tena. Wiki iliyofuata nilikuta karatasi mpya. Anwani ilikuwa ileile, ila mahali pa paswadi palikuwa na mabano, na ndani yake msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka. Akanieleza kwamba programu ndiyo huirudisha kuwa paswadi, kwa ufunguo uliomo ndani ya kompyuta ile peke yake.

"Sasa mwizi akiiba karatasi, Dada, ameiba makapi."

Mwaka jana aliugua siku chache tu, tukamzika kando ya mama. Vitu vyake vilipogawiwa, kompyuta iliachwa mikononi mwangu kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Niliamua iende kwa kanisa la wakwe zake kule Matiliku. Kwetu hutoi kitu cha marehemu kikiwa kichafu. Nguo unazifua, sufuria unaisugua, ndipo unampa mtu. Nami kompyuta niliitendea hivyohivyo. Nilimwomba fundi aifute yote, ibaki kama mpya. Nilijua sauti ya mama iko mbali, salama, na karatasi ya ukutani nilikuwa nayo.

Miezi ikapita kabla sijapata moyo wa kuisikiliza. Nilipoupata, niliipeleka karatasi kwa fundi mwingine, Kitui mjini.

"Mama, hii paswadi imefungwa. Ufunguo uko wapi?"

Hapo ndipo maneno ya ndugu yangu yaliponirudia. "Ulikuwa kwenye kompyuta."

"Na kompyuta?"

"Niliisafisha."

Aliisoma tena karatasi. Kisha akasema bado kuna njia moja: watu wengi huacha ufunguo uleule unaokuja na programu, na huo kila fundi anaujua. Akaujaribu. Haukufungua. Ndugu yangu alikuwa ametunga wake.

"Alifanya kazi safi sana," fundi alisema, akidhani ananifariji.

Tuliwaandikia wenye seva. Walijibu kwamba namba ya kufungulia hutumwa kwenye laini ya simu ya mwenye akaunti, basi. Laini hiyo tulikuwa tumeiacha ikafa, na kampuni ya simu ikampa mtu mwingine. Nilipoipiga, ilipokewa na mwanamke nisiyemjua, nikamwomba radhi nikakata. Wenye seva walisema pia kwamba muda alioulipia ndugu yangu unaisha mwezi wa nane, na baada ya hapo watafuta kila kitu.

Nyumbani waliponiuliza, niliwaambia ukweli: mimi ndiye niliyesema paswadi ifichwe, na mimi ndiye niliyesema kompyuta ifutwe. Hakuna aliyenilaumu. Afadhali wangenilaumu.

Mwezi wa nane umepita. Karatasi ingali ndani ya Biblia yangu. Ninapochambua ndengu najaribu kuyataja yale majina kwa mfuatano wa mama. Nafika la tano. Hapo ndipo alipomkemea ndugu yangu aache kucheka, na sikumbuki aliendelea na nani.