Nilivyoiotesha kuvu dawa ya mama yangu, soko la Same

Wakuu, shikamoo zenu nimeshazipokea, maana humu wengi ni wajukuu zangu.

Hii si chai. Yalinikuta mimi mwenyewe. Herufi zikikosewa mnisamehe, shule niliishia la tatu na naandika kwa kidole kimoja.

Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni, na sabuni mpaka umjue mtu. Ikaja ruksa, kila mtu akauza anachoweza. Mimi niliuza majani ya dawa sokoni Same, kwenye meza aliyoniachia marehemu mama.

Mti siutaji, mtaumaliza kule msitu wa Shengena. Mama aliyachuma Chome, milimani, akayakausha darini juu ya moto wa jikoni mpaka yakanukia moshi. Wenye kisukari waliyafuata hata kutoka Ndungu. Nilikuwa najiuliza hiyo sukari ya kuwaletea ugonjwa waliipata duka gani, lakini tuendelee.

Siku moja akaja dada mmoja, mtaalamu wa chuo. Akasema tumboni kuna kitu kinaitwa kimeng'enya, kazi yake kukatakata ugali uwe sukari. Na ndani ya majani yangu anahisi inaishi kuvu, inayotoa kitu cha kukizuia hicho kimeng'enya.

Nikaelewa haraka. Ni kama mgambo na sisi wauza barabarani.

Akaahidi kurudi baada ya mwezi achukue majani akapime maabara.

Wakuu, katika maneno yote hayo mimi niliondoka na moja tu. Kuvu.

Mama alipigana na kuvu maisha yake yote. Akiona doa, jani anatupa. Nikamhurumia, kumbe alikuwa anatupa dawa yenyewe.

Nikayamwagia magunia maji, nikayafunga nailoni, nikayasukuma chini ya kitanda. Mke wangu akahamia chumba cha watoto. Wiki mbili, majani yana manyoya. Nikaandika kibao, DAWA YENYE KUVU, na bei nikapandisha.

Mzee Shabani wa mitumba, mteja wetu tangu enzi za mama, akafungua pakiti, akanusa.

"Mbonea, hii dawa au soksi za kwenye belo langu?"

Nikampa somo la kimeng'enya. Akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akahamia meza ya jirani, kwa Mama Nakundwa, aliyeuza majani yale yale, makavu, safi. Yeye somo la mtaalamu lilimpita, siku ile alikuwa msibani.

Wengine wote wakamfuata Shabani.

Mtaalamu akarudi. Nikamfungulia gunia kwa fahari. Akarudi nyuma hatua mbili, mkono puani.

"Baba, hii ni kuvu ya gunia. Ninayoitafuta imo ndani ya jani bichi, na jani lenyewe halina hata doa. Na hata hiyo bado sijaipima."

"Sasa hii niifanyeje?"

"Ichome. Usimpe mtu."

Akapanda Chome na Mama Nakundwa kuchuma mabichi.

Mimi meza nikaiacha, nikashuka Ndungu kulima mpunga. Leo kwenye meza hiyo anakaa binti wa Mama Nakundwa. Nikipita ananiamkia, naitikia marahaba bila kusimama, maana ile meza inanukia moshi wa mama.

Nilichojifunza: kabla hujamrekebisha mama yako, msikilize mtaalamu mpaka amalize.

Nanyi mmeharibu nini cha wazazi kwa kuelewa nusu? Semeni. Nasoma polepole, lakini nasoma.