Mzigo wa Fundi Saa

Ilikuwa 2008. Hapana, 2009, maana 2008 bado tulikuwa kambi ya wakimbizi Tanzania. Fundi saa wa hapa kijijini kwetu Yoba, tuliyerudi naye, alipata, ndani ya robota la mitumba kutoka Muyinga, boksi la vipande vya plastiki vya kuundia ndege ndogo ya kuchezea, mfano wa ndege ya jeshi, ile ya kubeba mizigo. Kila adhuhuri akawa anaacha saa za watu, anabandika bawa kwa vidole vyake vinene, anapuliza gundi taratibu kama anayepoza uji wa mtoto. Siku ya kufunga mlango wa nyuma wa ndege akasema ndege haiwezi kuondoka tupu. Akaipakia kama tulivyopakia lori la kurudi kwetu: kwanza chombo cha kazi, yaani lenzi yake ya pekee ya jichoni, ya kukuzia vyuma vya saa, halafu maharage ya mbegu. Akafunga kwa gundi. Kesho yake saa ya mteja wake, Mama Raissa, ikamshinda, bila lenzi haoni kitu.

“Ivunje basi, utoe lenzi!” mkewe akafoka.

“Ndege ya jeshi haivunjwi na raia, mama.”

Akaitikisa sikioni, lenzi ikagongagonga ndani, naye akatabasamu. Nikamuuliza: mzee mwenzangu, sisi si tumeshafika nyumbani, sasa huo mzigo ulikuwa unaupeleka wapi?