Namba Iliyobaki Ubaoni

Kila Jumamosi nilifundisha tuisheni ya hesabu katika ukumbi wa kanisa moja pale Voi. Siku moja niliandika ubaoni moja, sifuri kumi na tatu, 666, sifuri kumi na tatu tena, kisha moja. Namba hiyo husomeka vilevile kutoka pande zote mbili, na haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Nikasahau kuifuta. Kesho yake waumini wakaikuta.

Wazee wa kanisa wakaniita.

"Mwalimu, unatuletea namba ya mnyama wa Ufunuo katika nyumba ya Bwana?"

Nikaeleza kwamba ni namba tu, tena nzuri, isiyogawanyika. Mama mweka hazina akanitazama.

"Umejaribu kuigawa wewe mwenyewe?"

"Hapana, mama. Nimesoma."

"Ukaamini."

"Kuna watu wamehakikisha."

"Hata sisi kuna watu walituhakikishia, mwanangu."

Wakacheka. Na mimi ndiye ninayewaambia wanafunzi kila wiki wasikubali kitu bila kukithibitisha. Wakachukua ufunguo wa ukumbi.

Nilipanda milimani hadi nyumbani Mghange nimefura. Hofu yao ilinikasirisha, lakini swali la yule mama liliniwasha zaidi. Nikachukua karatasi, nikaanza kugawa. Kwa saba ilibaki nne. Kwa kumi na moja, nane. Kwa kumi na tatu, tatu. Kwa kalamu ningezeeka kabla sijamaliza, na Jumamosi wanafunzi wangekuta mlango umefungwa.